Salome Wawili, Deni la Mmoja

Salome wa Dirishani,

Mmetoka wote wawili, wewe na mwenzako wa jina, kwenda Parramatta kutafuta begi jipya, kwa sababu lile langu nililotoka nalo kambini mmesema litakuaibisha huko Dubbo unakohamia. Baba yako yuko ghalani, zamu yake haijaisha. Nyumba imenyamaza, nami nimekaa kwenye meza ya jikoni nikiandika, maana kesho nikifungua mdomo nitalia tu, wewe utasema “Mum, stop it,” na gari litaondoka nikiwa sijasema hata moja.

Ya kula na ya kulala sikuambii. Wewe sasa ni muuguzi, una vyeti vimejaa droo, na mimi bado nachemsha majani ya mpera kwa kila ugonjwa, nikiyapata. Nitakushauri nini? Nataka kukuandikia habari ya jina lako, kwa sababu ile shida iliyokupata mwaka huu niliianzisha mimi. Ila mpaka sasa sijui vizuri niliianzisha wapi. Kila nikidhani nimeushika mwanzo wake, naona kuna mwanzo mwingine nyuma yake. Kwa hiyo nivumilie, nitazunguka.

Unakumbuka siku ile uliporudi kutoka benki. Dubbo walikuwa wamekupa kazi ya kuzungukia wagonjwa majumbani mwao, na sharti lilikuwa moja, uwe na gari lako. Ulikwenda kuomba mkopo wa gari ukitembea kama bibi harusi. Ulirudi ukakaa kwenye ngazi za nje bila kuvua viatu. Benki imekataa. Ukaagiza ripoti yako ya mikopo, ile karatasi inayosema kama mtu analipa madeni yake au halipi, na ilipofika tukaisoma pamoja hapa hapa mezani. Iliandikwa kwamba mahakama imemhukumu Salome Wilondja, mwenye biashara ya usafi, alipe kodi ya serikali aliyokaa bila kuilipa.

Ulicheka kwanza. Biashara ya usafi, wewe? Wewe unayeloweka sufuria ya ugali mpaka inaota ukungu? Halafu ukaona sicheki. Ukaniuliza, “Mama, you know something?” Nikakwambia sijui kitu. Huo ulikuwa uongo, mwanangu, na nilijua ni uongo kabla haujanitoka.

Sasa nianze na mlango na dirisha. Unaijua hadithi yenyewe, lakini iko siku watoto wako wataisoma barua hii, nao hawatakuwa wameijua nyumba yetu ya kambini Kigoma.

Bibi yako mzaa baba aliitwa Salome. Alikuwa na watoto wa kiume wawili, baba yako na kaka yake mkubwa, na kila mmoja alipopata binti alimpa jina la mama yao. Kwetu Kongo hakuna aliyeshangaa. Ungeshangaa kama mmoja angekataa kumpa. Vita vikamchukua baba yako mkubwa na mke wake, na sisi tukavuka kwenda Tanzania na mtoto wao mgongoni kwangu, nawe ukiwa bado tumboni. Ulizaliwa huko huko. Nyumba yetu ilikuwa ya tofali za udongo, chumba kimoja, mlango mmoja, na tundu moja ukutani tuliloliita dirisha kwa heshima. Mwenzako alilala karibu na mlango, wewe ukalala chini ya dirisha. Nikiita Salome mnaitika wote, basi nikaanza kuita Salome wa Mlangoni na Salome wa Dirishani. Watu wazima waliniita Mama Salome, na hakuna aliyewahi kuuliza ni yupi.

Siku ya kuandikishwa, karani wa kambi aliniuliza mmezaliwa lini. Nikamwambia mkubwa alizaliwa wakati wa kuvuna mahindi, na mdogo wakati mvua zimechachamaa. Fomu yake haikuwa na nafasi ya mahindi. Akaandika tarehe mosi Januari, kama alivyoandika kwa nusu ya kambi. Kisha akauliza mwaka. Hapo ndipo nilipofanya yangu. Uji wa maziwa ulikuwa wa watoto wadogo tu, na mwenzako alikuwa keshavuka umri huo kidogo, lakini alikuwa amekonda hadi macho yamekuwa makubwa kuliko uso. Nikasema mwaka wake ni ule ule wako. Akaupata uji. Sijawahi kujuta kwa uji ule, na nisingejuta leo hata ningeulizwa na malaika.

Ila ndivyo mlivyotoka pale, jina moja, tarehe moja, mwaka mmoja, nyumba moja.

Miezi haikupita mingi wakaleta orodha mpya ya mgao. Karani mwingine, kijana mwenye haraka, akaona Salome Wilondja mara mbili akadhani wenzake wamekosea. Akapiga mstari kwenye mmoja. Tulipofika dirishani pa mgao tukapewa unga wa watu watatu badala ya wanne. Nikarudi, nikaambiwa nisubiri. Nikasubiri, nikaambiwa nirudi mwezi ujao. Tuligawana cha watatu kwa watu wanne, na yule wa Mlangoni, mtoto yule, alikuwa anajifanya ameshiba ili wewe uendelee kula. Nilimwona. Siku iliyofuata niliwabeba wote wawili, mmoja kila upande, nikawakalisha juu ya meza ya karani, juu ya makaratasi yake, nikamwambia, “Wahesabu.” Watu kwenye foleni walicheka. Karani akawahesabu, akafuta mstari wake.

Tangu siku hiyo nikajiwekea sheria moja. Mtu yeyote akija mlangoni na karatasi akauliza kama Salome Wilondja yupo, jibu ni yupo. Usisite, usiulize yupi. Ukisita wanakata.

Unaona sasa ninapokwenda.

Tukafika Sydney, mkakua. Wewe ukaenda chuo. Mwenzako hakupenda darasa, alipenda kazi na fedha yake mkononi, naye akapata kazi ya kusafisha maofisi usiku. Aliyemwajiri alimwambia hatamwajiri kama mfanyakazi. Achukue ABN, ile namba ya biashara, awe bosi wa nafsi yake. Alikuja nyumbani akijivuna, na baba yako akamwita Madame Patron wiki nzima. Mimi nilipika kuku. Hatukujua kwamba bosi wa nafsi yake hakatwi kodi na mtu, lazima aiweke kando mwenyewe. Nani angetuambia? Fedha iliyoingia tuliiona yote ni yake. Alinunua kochi hili lililoko sebuleni, akalipa safari ya baba yako kwenda msibani Uvira, akachangia kila harusi ya kanisani. Huko nyuma kodi ilikuwa inajilimbikiza kimya kimya. Alipozijua barua za ofisi ya kodi zinasema nini, alikuwa keshahamia Toongabbie na wenzake, na aibu ikawa imemshika hata hakuweza kutuambia.

Niliona amepungua mwili. Niliona haji tena Jumapili. Sikuuliza. Nilijiambia yatima haulizwi sana, atadhani anahesabiwa. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, nami nilikuwa nausema msemo huo kwa wanawake wenzangu kanisani nikiwa na uhakika kabisa kwamba unawahusu wao.

Ndipo akaja mtu mmoja, na baadaye nilijua ni mpeleka hati za mahakama. Mchana, mwenye mkoba begani, mpole kweli. Akauliza kama hapa ndipo anapoishi Salome Wilondja. Nikasema ndiyo. Akauliza kama ni binti yangu. Nikasema ndiyo. Kazaliwa mosi Januari? Ndiyo. Akauliza yuko wapi sasa, na mimi kwa kiburi cha mama nikasema yuko chuo Parramatta, anasomea uuguzi. Akaomba namba ya simu. Sasa sikiliza akili ya mama yako. Mwenzako hapokei simu, unamjua. Wewe unapokea. Nikampa yako, ili asihangaike. Akaniachia bahasha, akanishukuru, nami nikamsindikiza mpaka kwenye geti.

Bahasha nilimpa mwenzako alipokuja. Akaitia kwenye mkoba, akasema, “Ni mambo ya kazi, mama.” Nikaridhika. Wewe ukaanza kupigiwa simu na namba usizozijua, ukazifungia, kama afanyavyo kila mtu mwenye akili katika mji huu. Nani alikosea hapo? Mimi bado nageuza geuza. Yule mtu aliuliza maswali matano, nami nilijibu kweli yote matano. Ila zile kweli zilikuwa za watu wawili.

Basi turudi kwenye ile siku ya ripoti. Ulipolala nilimpigia simu Salome wa Mlangoni, na kwa maajabu akapokea. Nikamwambia kilichoandikwa kwenye ripoti yako. Akaanza kulia kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu akiwa mdogo. Hakujua kama deni lake limekwenda kukaa kwako. Alidhani liko kwake, linamsubiri.

Wewe ulikasirika, na ulikuwa na haki. Ulisema kazi ya Dubbo haitakusubiri, na kweli walikuwa wamekupa wiki chache tu za kupata gari. Ulisema kwa Kiingereza maneno ambayo nilielewa nusu, na nusu hiyo ilinitosha. Sitayaandika hapa. Nataka tu ujue sikuyaweka moyoni, kwa sababu niliyaona yanatoka kwenye hofu.

Mpango wangu wa kwanza ulikuwa kulipa. Tuchange kanisani, tukope kwa huyu na yule, tulilipe lile deni usiku mmoja, na jina lisafike bila mtu kuulizwa nani ni nani. Nilikwenda hata kwa yule bwana wa Parramatta aliyesifiwa na watu wa kwaya, mwenye ofisi ya vioo, anayedai anasafisha majina. Alitaka malipo ya mbele kabla hajaisoma ile ripoti. Nilikuwa nimeshaitoa kadi yangu. Kilichoniokoa si busara, ni mashine yake iliyogoma kusoma kadi. Akaniambia nirudi kesho, na kwenye treni nikakaa karibu na mama mmoja wa kanisani, akaniambia kuna Mkenya anaitwa Wambui, mshauri wa madeni katika kituo cha jamii, naye halipishi mtu.

Wambui ulimwona mwenyewe, lakini hukuwepo siku ya kwanza. Nilimweleza yote kwa mzunguko, kama ninavyokueleza wewe. Alinisikiliza akiwa ameshika kalamu bila kuandika kitu, halafu akaiweka chini.

“Kwa hivyo mama, uko na wasichana wawili, jina moja, birthday moja, address moja, na ukapeana simu ya mmoja? Sasa hiyo computer ungetaka ifanye nini?”

Nikamwambia nataka kulipa tu yaishe. Akatikisa kichwa.

“Ukilipa hii deni kwa jina ya huyu nurse, umekubali ni yake. Hawataitoa. Wataandika imelipwa, na itakaa hapo miaka. Kitu inatolewa kama si yako. So lazima useme si yake.”

Nikauliza, nikisema si ya huyu, si nimesema ni ya yule? Akasema ndiyo, mama, si ndiyo ukweli? Alisema kwa upole, lakini nilitoka pale kichwa kinaniuma. Kambini nilipigana jina lisifutwe. Hapa naambiwa nipigane lifutwe, na njia ya kulifuta kwa mmoja ni kulikabidhi kwa mwingine. Nilipanda treni ya kwenda upande usio wangu nikashtukia nimefika karibu na Toongabbie. Nilikaa kwenye benchi la stesheni nikijiuliza kama nimekuja kumwona au nimepotea tu. Sikwenda kwake. Nilivuka upande wa pili nikarudi nyumbani.

Wambui alitueleza mengine, na haya nayaandika kwa sababu yalinifaa. Kampuni zinazotunza ripoti hizi si moja, kila moja iandikiwe peke yake. Kuomba wasahihishe kosa ni bure. Wakikataa kuna mahali pa kulalamika, napo ni bure. Walichohitaji kutoka kwetu ni ushahidi kwamba Salome hawa ni wawili. Vitambulisho vyenu vilisaidia nusu tu, maana tarehe ni ile ile. Alitaka mtu aliyewajua tangu mwanzo aape kwa maandishi. Akaandika hati yenyewe kwa Kiingereza, akanitafsiria. Ilisema Salome Wilondja wa Macquarie Fields, mtaa wetu huu, ni binti yangu. Ilisema Salome Wilondja wa Toongabbie si binti yangu, ni mtoto wa marehemu kaka wa mume wangu, na ni mtu mwingine.

Nilimpelekea baba yako. Aliisikiliza akiwa anafunga viatu vya kazi. Alisema mtoto wa kaka yake haandikwi kwenye karatasi ya serikali kwamba si wetu, na yeye hasaini. Nikamwambia asiyetakiwa kusaini ni yeye, anayetakiwa ni mimi. Akasema, “Basi wewe utamwambia kaka yangu.” Akaenda kazini. Kaka yake amekufa miaka mingi, lakini nilielewa anamaanisha nini, na sikulala vizuri.

Siku ya kuapa kule maktaba ulikuwepo, ila nadhani hukuona nilichokiona mimi, kwa sababu ulikuwa unaangalia saa. Tulikwenda sote watatu. Mwenzako alikuja na hati yake mwenyewe, ameiandika na Wambui, inayosema deni ni lake. Yule bibi wa JP, anayejitolea kushuhudia watu wakiapa, alikuwa amekaa kwenye meza ndogo karibu na vitabu vya watoto, na miwani yake imefungwa kamba shingoni. Aliniuliza kama nimeisoma hati, kama naielewa, na kama yote yaliyoandikwa humo ni kweli.

Nilikuwa na kalamu mkononi. Nikaangalia tarehe za kuzaliwa, nikajua si kweli, na mwaka niliuunda mimi kwa ajili ya uji. Nikaangalia lile neno, si binti yangu. Nilijiuliza, kama hili ni kweli, yale ya karani yalikuwa nini? Na kama yale yalikuwa kweli, hapa naapa nini? Mkono haukwenda. Yule bibi akasema nisiwe na haraka, akaniita darl, yaani mpenzi. Watu wawili nyuma yetu wakaanza kubadilisha badilisha miguu. Wewe ukanigusa bega ukasema, “Mum, please.” Niliona aibu kwako, na aibu kwake, na sikujua ipi ni kubwa.

Niliwageukia. Mlikuwa mmesimama mbele ya meza bega kwa bega, na kwa ujinga wangu nikataka kuwabeba niwakalishe juu yake. Mmoja ana kilo zake, mwingine naye vivyo hivyo.

Ndipo Salome wa Mlangoni akainama, akaweka kidole pale pa kusaini. Alisema kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, kwa hiyo yule bibi hakuelewa.

“Mama, hii si orodha ya mgao. Hapa hawakati mtu. Hukunizaa, na deni ni langu. Saini.”

Kisha akamgeukia yule bibi akasema kwa Kiingereza chake cha kazini, “She's my uncle's wife. The tax is mine, not my sister's.” Katika pumzi moja alinikana, akakuita wewe dada yake, na yule bibi akaandika saa kwenye daftari lake kana kwamba hakusikia kitu cha ajabu. Nikasaini. Tulipotoka, kabla hata hatujafika kwenye taa za barabarani, akaniuliza, “Mama, leo tunakula nini?”

Sijui ni lipi lilikuwa kweli, lile la mezani au lile la barabarani. Nimewauliza watu wawili watatu. Mchungaji alisema yote mawili, lakini mchungaji husema yote mawili kwa kila kitu.

Yaliyofuata unayajua. Kampuni ya kwanza ikafuta. Ya pili ikaomba tena makaratasi, ikafuta. Ya tatu ikakaa kimya mpaka Wambui alipoandika kwamba tutakwenda kulalamika, na ikafuta. Benki ikakubali. Sasa gari lako unalo, dogo, jeupe, ndilo mlilotoka nalo leo, nimelipaka mafuta ya maombi kwenye boneti, usiniulize. Kesho litakupeleka Dubbo.

Na mimi nina furaha. Nataka niseme hivyo waziwazi, kwa sababu umeniona nimekunja uso wiki nzima ukadhani sitaki uende. Nataka uende. Ila kila nikiona gari lile naona pia ripoti ya mwenzako. Sasa deni limeandikwa kwake, mahali pake hasa, na kwake halitafutwa haraka kwa sababu si kosa. Amepanga na ofisi ya kodi alipe kidogo kidogo. Ameacha ule ubosi, ameajiriwa kwenye nyumba ya wazee, anakatwa kodi kila malipo, na anaipenda ile karatasi ya mshahara kuliko mshahara. Lakini hatapata mkopo wa gari, wala wa kitu kingine, kwa muda mrefu. Nilipofuta kwako niliandika kwake, kwa mkono huu huu. Wambui anasema sikuandika mimi, lilikuwa lake tangu mwanzo. Najua. Kujua kumekaa huku, na moyo umekaa kule, na bado sijawakutanisha.

Jumamosi baada ya ile hati, baba yako aliazima gari la kubebea mizigo la kanisa, akaenda Toongabbie bila kumwambia mtu. Alirudi jioni na kitanda kimefungwa kamba nyuma, na Salome wa Mlangoni ameketi mbele na redio mikononi. Wakakiingiza chumbani kwako. Nilimuuliza mwenzako anataka kikae upande gani, kwa sababu chumba kile kina nafasi. Alikisukuma mpaka karibu na mlango, akatandika shuka.

Wewe ulikuwa umekaa kitandani kwako, chini ya dirisha, bado umenuna. Tukazima taa. Nilisimama ukumbini, ndiyo, nilisikiliza, mama gani hasikilizi? Nikasikia unamwambia angekuambia tu, ungemsaidia. Akasema alijua ungemsaidia, ndiyo maana hakusema. Kisha mkacheka kitu ambacho sikukisikia, na mimi nikaenda kulala.

Ningependa kukupa neno moja la kubeba, lililokunjwa vizuri, kama wanavyofanya mama wengine. Sina. Nilidhani kupenda ni kusema hawa wote ni wangu na kuufunga mlango. Sasa naona kuna siku kupenda ni kukaa mezani na kusema huyu ni huyu, na yule ni yule, hata mkono ukigoma. Lakini nikiwa na njaa tena, na karani akiwa na haraka tena, ningesema uongo ule ule wa mwaka. Kwa hiyo usinichukue kama mwalimu. Nichukue kama mtu aliyeipita njia hii gizani, akagonga vitu, na anakuambia viko upande gani.

Moja tu nakuomba. Huko Dubbo watakuuliza kama una ndugu. Wewe utajibu unavyojua, sikufundishi. Na mtu akikupigia simu akauliza kama wewe ni Salome Wilondja, usiseme ndiyo haraka kama mama yako. Muulize yupi.

Nasikia gari lako linaingia. Mmoja wenu amegonga pipa la taka, na nitajua ni nani kwa atakayemlaumu mwenzake. Nafunga hapa niifiche barua ndani ya begi jipya kabla hamjalipakia nguo.

Kila asubuhi, tangu mwenzako arudi, nimekuwa nasimama jikoni nikiita “Salome,” na zinaitika sauti mbili, moja “Abee,” nyingine “Yeah, Mum.” Mmenilalamikia nitaje ni yupi. Sikutaja, kwa sababu nilikuwa nazihesabu. Kesho utaondoka kabla sijaita. Keshokutwa nitaita, ataitika mmoja, na huyo mmoja atasubiri aone kama nitaridhika. Nitamwitikia. Nitamwambia chai iko tayari.

Nenda salama, mwanangu.

Mama Salome